Skrubu ya Cherehani ya Tatu

Nilifika Iringa mwezi wa saba nikiwa na begi la mgongoni, bisibisi tatu, chupa ndogo ya mafuta ya cherehani na sweta moja ambalo halikutosha kwa baridi ya kule. Nilikuwa nimetoka Madibira, ambako nilikaa msimu mzima nikihudumia mashine ya kukoboa mpunga, na kabla ya hapo nilikuwa Mgololo nikipakia magogo ya kiwanda cha karatasi. Kabla ya Mgololo sikumbuki tena nini kilitangulia nini. Nyumbani ni Mbeya. Shule niliiacha kidato cha pili, kwa sababu vitu darasani vilichorwa ubaoni tu, na mimi nilitaka kuvifungua nione vina nini ndani. Tangu hapo nikawa mtu wa kukaa mahali mpaka nielewe kitu kimoja, halafu nahama. Ndugu zangu waliona ni ugonjwa. Mama yangu alisema tu, "Akichoka atarudi."

Mtaa wa Mlandege nilikusudia kukaa wiki mbili. Nikakaa hadi mwaka mpya, na sababu ilikuwa baraza moja.

Lilikuwa baraza la duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindu aliyezaliwa mtaa huo huo, kama baba yake, na alijua kutania kwa Kihehe kuliko mimi nitakavyojua nikizeeka. Nje ya mlango wake, chini ya bati, zilipangwa cherehani nne za miguu, zote nyeusi, zote zimechubuka rangi ya dhahabu pale mkono wa fundi unapopita. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nacho, akachagua fundi. Mafundi hawakulipa pango. Mzee alisema sauti za cherehani ndizo zinazomvutia wateja, kwa hiyo alichotaka kwao ni kimoja tu: cherehani zisikae kimya.

Siku niliyopita pale, mkanda wa cherehani ya kwanza ulikuwa umekatika na mwenyewe alikuwa amesimama ameshika kiuno, anautazama kama mtu aliyetukanwa. Alikuwa mama wa Kibena, mnene, mwenye mdomo usiopoa. Nikamwambia nitaunga.

"Kwenu wapi?"

"Mbeya, dada. Mnyakyusa."

"Ndizi zimekwisha huko mpaka mnatufuata sisi wenye baridi yetu?"

"Nimefuata viazi."

"Basi utakula viazi mpaka uote mizizi. Haya, unga."

Niliunga. Kesho yake akaniita wa cherehani ya nne, pedali yake inalia. Keshokutwa nikapewa kigoda pembeni ya ngazi, nikawa fundi wa mafundi, mtu wa kusafisha, kutia mafuta na kubadilisha sindano. Watu wa mitaa ya jirani nao wakaanza kuniletea za kwao, nyingine zimebebwa kwenye bodaboda, zimefungwa kwa kanga kama mgonjwa.

Kati ya mambo yote ya cherehani, lililonishika zaidi lilikuwa uzi. Cherehani inashona kwa nyuzi mbili. Mmoja unatoka juu, unapita kati ya visahani viwili vinavyoubana, kisha unaingia kwenye tundu la sindano. Mwingine unatoka chini, kwenye bobini, nao unabanwa na kijipande cha bati chenye skrubu ndogo kama jicho la sisimizi. Nyuzi hizo zinakutana ndani ya kitambaa na kila mmoja unavuta kwake. Zikivutana sawasawa, fundo linajificha katikati na mshono unakuwa laini pande zote mbili. Ukikaza sana wa juu, unamvuta mwenzake mpaka anachomoza juu ya kitambaa kama vitone. Ukiulegeza mno, unazama wenyewe chini na kufanya vitanzi. Hayo tu. Lakini niliweza kukaa saa nzima nikigeuza skrubu kidogo kidogo, nashona kipande, nakigeuza, nakitazama, nageuza tena. Hata sasa, nikiwa na kibanda changu Mbeya na miwani ya kusomea puani, mteja akiniambia uzi unasumbua, nasikia raha ambayo siwezi kumweleza.

Cherehani ya tatu ilikuwa ya mwanamke wa Kihehe ambaye baraza zima, na mzee mwenye duka pia, tulimwita Mama Mkubwa. Alikuwa amekaa pale kuliko wote. Alivaa sweta la kijani mvua na jua, aliimba kwaya ya Kilutheri sauti ya pili, na alishona bila kuinama. Wenzake waliinamia kazi mpaka migongo ikawauma. Yeye alikaa wima, ametazama barabarani, anaitikia salamu za wapita njia, "Kamwene, kamwene," huku mkono wa kushoto unasukuma kitambaa chini ya sindano. Nilidhani hiyo ndiyo inaitwa kubobea. Uzi ukimwishia hakutunga mwenyewe. Alimnyooshea mteja yeyote aliye karibu na kusema, "Anayetaka nguo yake haraka atunge uzi." Mteja alicheka, akatunga. Mimi nimemtungia mara nyingi.

Ila mashine yake ilinikera. Uzi wake wa juu ulikuwa umekazwa kupita kiasi. Kila sindano iliposhuka ilitoa mlio mkavu, tk, tk, tk, ambao cherehani nyingine hazikuwa nao, na juu ya mshono vilipangana vinundu vidogo vidogo. Wateja walishavizoea. Mtu akiona sketi yenye vinundu alisema, "Hii ya Mama Mkubwa," kama unavyomtambua mtu kwa mwanya. Mimi nilishindwa kuvizoea. Nilikaa hatua nne kutoka kwake, na siku nzima masikio yangu yalikuwa yanasikia kosa ambalo ningelitoa kwa robo ya mzunguko.

"Mama Mkubwa, nikulegezee kidogo hapo juu?"

"Nani amekuambia inaumwa?"

"Haiumwi, lakini..."

"Basi usiipeleke hospitali."

Mama wa Kibena akacheka mpaka akasimamisha pedali. Kisha akaniambia, safari hii bila utani, kwamba pale barazani unaweza kuazima mkasi wa mwenzako, kiti chake, hata kula chakula chake, lakini skrubu ya uzi ya mwenzako huigusi. Kila mtu ana mkono wake. Nilisikia. Nilidhani ni mambo ya wazee.

Mwezi wa kumi na moja kazi ziliongezeka kwa sababu ya kipaimara. Kila mzazi wa Kilutheri alitaka binti yake aingie kanisani na gauni jeupe jipya, na Mama Mkubwa peke yake alikuwa na magauni manane. Katika siku hizo hizo alikuja barazani binti mmoja mwenye cherehani ya umeme, amevaa vizuri, ana picha za kazi zake kwenye simu, akaomba nafasi. Mzee alizitazama zile picha kwa muda mrefu. Akamwambia nafasi zote nne zina watu, ila apite tena baada ya kipaimara, huenda mmoja akawa amechoka. Alisema kwa upole, lakini alisemea mlangoni na wote tulisikia. Mama Mkubwa hakugeuka. Cherehani yake iliendelea, tk, tk, tk, mpaka binti alipopotea kwenye kona.

Jumatatu ya wiki ya kipaimara fundi wa cherehani ya nne alifiwa na baba mkwe wake, kijijini huko milimani. Kule msiba hauchagui kazi. Mafundi wote wanne walifunika cherehani zao, wakapanda gari pamoja na mzee mwenye duka, wakaenda kuzika. Niliachwa kulinda baraza.

Niseme ukweli, nilifurahi. Nilikuwa na siku nzima, jua zuri, na cherehani nne ambazo hakuna mtu wa kunizuia kuzigusa. Nilijiambia nawafanyia wema: wanarudi wamechoka na kilio, wanakuta mashine zao zimekuwa kama mpya. Nilizifungua moja moja. Nilitoa pamba ya uzi iliyojikusanya chini, nikatia mafuta, nikalegeza, nikakaza, juu na chini, nikashona kipande cha kitambaa cheupe mpaka ukikigeuza hujui upande wa juu ni upi. Ile ya tatu niliiacha mwisho, kama mtoto anavyoacha nyama. Skrubu ya juu ilikuwa imekazwa hadi karibu na mwisho, na kijibati cha bobini kilikuwa kimelegezwa mno, na hapo ndipo vilipotokea vile vinundu. Nilivirekebisha vyote viwili. Nikakanyaga pedali. Mlio haukuwepo. Ilipita kimya kama maji kwenye mfereji. Niliacha vile vipande vyeupe vya majaribio chini ya kila sindano, kama zawadi.

Jumatano asubuhi walirudi kazini. Mama wa Kibena alishona mistari miwili, akasimama.

"Nani ameichezea hii?"

"Nimeisafisha tu, dada."

"Wewe Mnyakyusa! Nilikuambia nini? Mimi nashona jinzi za mafundi gereji, unaniwekea uzi wa kushonea leso?" Akaigeuza skrubu yake mara mbili kwa ukucha, akaendelea kunitukana huku akicheka. Wa pili akageuza ya kwake. Wa nne akasema yake iko sawa, asante. Mambo yakaishia hapo, nikadhani nimepona.

Mama Mkubwa alikaa, akaweka kitambaa cheupe cha satini chini ya sindano, akakanyaga, akasimama. Akakanyaga tena. Akapapasa mshono, akatoa kitambaa, akafumua, akaanza upya. Niliona anaitazama barabara lakini haitikii salamu. Hadi saa sita alikuwa amefumua gauni moja mara tatu.

Wenzake walipoenda kula kwa mama ntilie, yeye alibaki, na akaniita kwa kidole.

"Njoo. Umeifungua mashine yangu."

"Ndiyo, Mama Mkubwa. Nisamehe. Uzi ulikuwa..."

"Shika hili. Angalia kiuno. Nieleze kimekaaje."

Nililishika lile gauni. Mshono wa kiuno ulianza vizuri, kisha ukaenda ukipanda, ukashuka, ukapotea hadi ukingoni mwa kitambaa. Nilishindwa kuelewa mtu wa uzoefu wake amewezaje kushona hivyo, tena akaliacha hadi mwisho.

"Umekwenda upande," nikasema. "Lakini si unauona mwenyewe?"

Akaweka kiganja chake mbele ya uso wake, karibu, akakitikisa taratibu.

"Umewahi kukaa jikoni kuni zikiwa mbichi? Ndivyo ninavyoona. Nakujua wewe kwa umbo na kwa hayo maneno yako mengi. Nyeupe naijua, nyekundu naijua. Uzi sijauona mwaka wa tatu huu."

Nilikaa chini kwenye sakafu.

Alinieleza kwa sauti ndogo, huku akitazama barabara ili mtu akipita adhani tunaongea mengine. Kukata alikuwa anakatiwa na mkwe wake nyumbani, kila jioni, kwa hiyo barazani alikuja na vipande tayari. Mshono wa kwanza aliupitisha kando ya mkunjo alioubana kwa ukucha. Mshono wa pili aliufuatisha ule wa kwanza kwa ncha ya kidole. Ndiyo maana alikaza uzi: vile vinundu vilikuwa ndivyo njia yake. Na ule mlio ulikuwa wa kuhesabia. Alijua kiuno cha msichana wa kipaimara ni milio mingapi, bega ni mingapi, mahali gani asimame na kugeuza kona. Mimi nilikuwa nimelainisha mshono hadi kidole chake kikawa hakina cha kushika, na nikaunyamazisha mlio.

"Na hospitali?"

"Wanasema ni mtoto wa jicho, anatolewa. Jicho moja kwanza, upone, ukae ndani usiguse vumbi. Miezi miwili. Unafikiri nafasi yangu hapa itaningoja miezi miwili? Yule binti wa umeme umemwona mwenyewe. Na Jumapili nina magauni manane, na sasa sina hata moja. Magauni yakiharibika, mzee hatauliza kwa nini. Atasema Mama Mkubwa amezeeka."

"Nitairudisha ilivyokuwa."

"Ilikuwaje?"

Sikujua. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Tarakimu za kwenye kisahani zilikuwa zimefutika zamani, na mimi, mjuaji, sikuwa nimeweka alama hata ya chaki.

Nilijaribu mchana ule na kesho yake, kila mara wenzake wakienda kula. Nilidhani kazi ni rahisi kwa sababu nilikuwa na kielelezo: sketi aliyokuwa ameivaa, aliishona mwenyewe. Nilipiga magoti, nikatazama pindo lake, nikageuza skrubu, nikashona kipande, nikalinganisha. Nikimpa alipapasa na kunirudishia. "Siyo." Nikakaza zaidi, uzi ukakatika. Nikalegeza chini, vinundu vikawa vikubwa lakini vimeachana. "Siyo hiyo. Hii inanipoteza kwenye kona." Kwa macho yangu kipande na pindo vilikuwa sawa kabisa, na niliapa hivyo. Alitikisa kichwa kwa huruma.

Alhamisi mzee mwenye duka alitoka nje kunyoosha miguu, akaliona lile gauni la kwanza limening'inia. Akalivuta karibu.

"Hii nini? Mama Mkubwa, umeshona hii ukiwa na homa?"

Mikono ya Mama Mkubwa ilisimama juu ya meza. Mama wa Kibena akainua kichwa. Nikasimama kabla mtu hajasema.

"Ni mimi, mzee. Siku ya msiba nilifungua cherehani zote. Hii ya tatu nimeiharibu, inakimbia upande."

Ilikuwa kweli, ingawa haikuwa yote. Mzee alinitazama juu ya miwani.

"Nimekaa na cherehani hizi tangu utoto wangu, sijagusa hata moja. Wewe umekuja juzi na bisibisi tatu!"

"Mfunge kamba huyo," akasema mama wa Kibena, "asije akatoroka kabla kipaimara hakijapita."

Mzee akaingia ndani, akarudi na satini nyingine, amekata mwenyewe urefu wa gauni. "Hiki utakilipa kwa kutengeneza feni yangu," akaniambia. Halafu, kwa sauti tofauti kidogo, akamwambia Mama Mkubwa, "Jumamosi mchana wazazi wanakuja kuchukua."

Mchana ule ule, watu walipoondoka, Mama Mkubwa aliniambia niache kupiga magoti kama naungama.

"Lete kidole. Hicho cha shahada. Fumba macho."

Alikiweka kwenye pindo la sketi yake, akakivuta taratibu. Mwanzoni sikusikia kitu, kitambaa tu. Akakivuta tena. Mara ya tatu nikasikia, chini ya ngozi, kitu kama punje za ulezi zimepangwa kwenye mstari, kila moja inateleza kidogo kuelekea upande mmoja, kwa hiyo kidole hakikupita tu juu yake, kilielekezwa.

"Zinalalia wapi?"

"Kulia."

"Ehe. Wewe ulikuwa unanipa zilizosimama."

Sikufungua macho. Nilipapasa skrubu ya bobini kwanza, nikailegeza mpaka uzi ukashuka kwa uzito wake, kisha nikaenda ile ya juu. Nilishona bila kutazama, nikapapasa, nikageuza kama unene wa uzi wenyewe, nikashona. Sijui tulikaa muda gani. Kitambaa kilikuwa kinapita, na ghafla kwenye sindano ukasikika mlio, tk. Sikuwa nimekitoa hata kumpa.

"Hapo," akasema. "Ondoa mkono wako hapo hapo usije ukaharibu tena."

Alishona Alhamisi hadi giza lilipoingia, Ijumaa yote, Jumamosi hadi saa sita. Nilikaa kando yake, kazi yangu ikiwa kutunga uzi, na wenzake walidhani natumikia adhabu. Wazazi walipokuja magauni manane yalikuwa yamepigwa pasi, yamening'inia kwenye waya. Mama mmoja alimpitishia binti yake la kwake juu ya nguo pale pale, akamzungusha, akasema limekaa.

Jumapili nilikwenda kanisani, ingawa si kanisa langu. Nilikaa nyuma. Mabinti walipoingia wawili wawili, watu wote walitazama nyuso zao, mimi nilitazama viuno vya magauni. Vilikuwa vimenyooka. Mama Mkubwa alikuwa kwenye kwaya, ameshika kitabu cha nyimbo mbele yake kama wengine, hakufungua hata ukurasa.

Jumatatu nilikuja na begi langu mgongoni. Nilikuwa nimeelewa nilichokuja kuelewa na miguu ilianza kuniwasha. Niliwaaga mmoja mmoja. Mama Mkubwa hakunipa mkono.

"Skrubu ikilegea yenyewe, nitamwita nani?"

"Nitamwelekeza mtu."

"Utamwelekeza nani bila kumwambia?"

Alipumzisha mikono juu ya cherehani, kisha akainuka, akapapasa fremu ya mlango, akaingia dukani. Tulisikia kila neno, kwa sababu Mama Mkubwa hajui kunong'ona anapoamua jambo. Alimwambia mzee yote: macho, mkwe anayekata, uzi uliokazwa, lile gauni. Mama wa Kibena aliacha kukanyaga pedali. Wote wakaacha. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, mafundi wote wakiwepo, baraza lilikuwa kimya, na mzee hakulalamika.

"Miaka mitatu?" tulimsikia anauliza.

"Mitatu."

"Na mimi nakuletea vitambaa, nakuambia, tazama rangi nzuri hii!"

"Rangi nilikuwa naiona."

Mzee akacheka, akakohoa. "Mama yangu alifanyiwa macho yote mawili. Siku ya tatu alianza kunigombeza kwamba kaunta ina vumbi. Nenda hospitali."

"Na nafasi yangu?"

Alichelewa kujibu. Nikajua alikuwa anamfikiria yule binti, na picha zake. "Cherehani isikae kimya," akasema mwisho. "Watu wakiona imefunikwa watajua umeondoka, na mimi nitashindwa kumkatalia mtu. Ikilia kila siku, ni yako."

Mama wa Kibena alikuwa tayari mlangoni. "Italia," akasema. "Tutapeana zamu. Na wewe Mnyakyusa, shusha hilo begi."

Nikalishusha. Kwa miezi miwili kila fundi alikaa kwenye cherehani ya tatu saa moja kwa siku, akilalamika. Uzi uliwakatikia, vinundu viliwaudhi, wateja waliuliza kwa nini. Hakuna aliyegeuza skrubu. Mimi nilipopita karibu na bisibisi, mama wa Kibena alinyanyua mkasi. Yule binti wa umeme alikuja mara mbili, akasikia cherehani nne zinalia, akaenda kupata nafasi sokoni, na nimesikia anaendelea vizuri.

Mama Mkubwa alirudi mwezi wa kwanza, baada ya jicho la kulia, akiwa na miwani myeusi na kanga aliyojitanda hadi kwenye paji la uso. Alisalimia kila mtu kwa kumtazama usoni, kwa muda mrefu kidogo, hata ikawatia watu aibu. Aliponifikia akasema, "Kumbe wewe ni mtu mzima hivi? Kwa maneno yako nilidhani una miaka ishirini." Akakaa mahali pake. Kwenye meza kulikuwa na sketi ya mteja aliyoishona yeye zamani, imeletwa kupanuliwa. Akaishika, akaivuta karibu na jicho, akaigeuza.

"Mungu wangu. Hivi ndivyo nilivyowavalisha watu?"

"Walipendeza, tulia," akasema mama wa Kibena.

"Imepata upele! Na magauni ya kipaimara yalikuwa hivi?" Akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unaona, ukanyamaza?"

"Nilikuambia. Ukasema haiumwi."

"Legeza."

Nililegeza, juu na chini, mbele ya macho ya watu wote, na ule mlio ukaisha. Nimefanya kazi hiyo mara nyingi tangu wakati huo, na ndiyo mara pekee niliyotamani nisiiweze. Akaweka kitambaa, akainama, na sikuwahi kumwona akiinama kabla ya siku ile. Akakanyaga pole pole. Mshono ukaenda sentimita chache, ukapinda. Akasonya, akafumua, akaanza tena. Ukapinda. Mama wa Kibena akamwuliza kama alifanyiwa jicho au mkono, baraza likacheka, naye akacheka akiwa ameinama vile vile, uso karibu na sindano. Nilisogea nione mshono wa tatu unavyokwenda.

"Kaa huko, Mnyakyusa," akasema bila kuinua kichwa. "Unanizibia mwanga."